Nitakuja kwa Nchi Kavu

Tarehe 9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yake. Shemeji mwambie nimemwota anaanguka na baiskeli, mikate yote imetapakaa barabarani, kwa hiyo akague breki. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: lifti za watu zinakwama, sisi tunazikwamua.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yangu ilinichomoka mfukoni nikiwa nimesimama juu ya lifti, ikashuka ghorofa kumi na mbili peke yake. Nilipoiokota ilikuwa unga. Nilitaka kununua nyingine kesho yake, kisha nikajiuliza, ya nini? Kuitengeneza simu mpya kunachafua hewa kuliko kuitumia miaka miwili. Basi nimeamua kukaa bila. Mama anapenda barua, atazipanga kwenye lile kopo lake la biskuti.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu mwaka jana nasoma sana habari za hewa ya ukaa, huu moshi wetu wa magari na viwanda na majiko unaoifanya dunia ipate homa. Wewe mwenyewe uliniambia mvua zikiitwa haziji, na zisipoitwa zinabomoa kuta. Nikaona kulalamika peke yake hakutoshi, nianze na mwili wangu. Nyama nimeacha. Kazini naenda kwa miguu, saa moja na dakika kumi. Naoga maji baridi. Nguo sinunui mpaka iliyopo ichanike pasiposhoneka. Na lifti, dada, mimi fundi wa lifti, siipandi ila ninapoijaribu. Wenzangu wameanza kuniita Ngazi.

Na ndege nimeiacha. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Safari moja ya kuja huko na kurudi inafuta yote niliyojinyima mwaka mzima, nimepiga hesabu mara tatu. Najua niliahidi kuja Aprili. Sitakuja kwa ndege, si Aprili wala mwezi mwingine. Nitakuja kwa nchi kavu, na kivuko kimoja tu cha kuvuka maji, lakini hiyo inataka likizo ndefu ambayo kwa sasa sina. Labda mwaka kesho. Mweleze Mama taratibu, yeye ni mtu wa kuelewa.

Jingine ni tanuri lako. Mizigo mitano ya kuni kwa siku ni mingi mno kwa mikate ile. Nusu ya moto inatokea mlangoni. Fikiria hilo, sikusemi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 2 Februari

Kitinda,

Marahaba. Sisi hatujambo. Shemeji yako amekagua breki, akakuta moja kweli imelika, sasa anakuogopa. Mtoto wa jirani wa upande wa posta amejifungua pacha. Unga umekuwa mgumu kupatikana wiki mbili hizi, tukipata tunashukuru.

Barua yako nimemsomea Mama jana baada ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika hapo pa Aprili nikataka kuruka mstari, akaniambia, "Soma, nimesikia pumzi yako imebadilika." Nikasoma. Akasema, "Haya." Akaendelea kukunja mifuko ya mikate. Huko ndiko kuelewa unakokusema.

Sasa na mimi nije kwenye jambo langu. Unaniambia nusu ya moto inatokea mlangoni. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mlango huo miaka kumi na tisa, nyusi zangu zinajua moto unatokea wapi. Ulipokuwa unasoma ufundi, tanuri hilo hilo lilikuwa linakulisha, wala hukulipima moshi. Na shemeji yako anasambaza mikate kwa baiskeli tangu hujaota ndevu. Hakuna aliyemwandikia barua kumpongeza kwamba anaiponya dunia. Yeye anadhani tu hana gari.

Na Mama je? Niambie Mama apunguze nini. Anaoga nusu ndoo. Ana magauni manne. Hajapanda ndege hata siku moja, na nyama anaila akialikwa. Watu kama yeye wangejaa dunia nzima, wewe usingekuwa na la kusoma. Kitu kimoja alichokitaka kinachotoa moshi ni mwanawe kuja.

Halafu nikuulize, barua hii inakujaje kwako? Inakuja kwa ndege, Kitinda. Bahasha inapanda, wewe hupandi.

Sina ubaya. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na ushauri wa mbali haukandi unga. Njoo Aprili kama ulivyosema.

Dada yako

Mama amesisitiza aandike mstari wake mwenyewe, huo hapo chini. Usiucheke mwandiko, kalamu ilikuwa mbovu.

*Mwanangu kula vizuri usije uka*


Tarehe 20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Salamu zote nimezipata. Hongera kwa mama wa pacha.

Nianze na swali. Kwa nini ulimsomea Mama? Barua zangu zote tangu nilipokuwa bwenini alikuwa akizisoma mwenyewe kwa ile lenzi yake, hata wewe alikuwa hakupi mpaka amalize. Na mstari wake umepanda juu kama unakimbia karatasi, haukuisha. Kalamu mbovu haiandiki mshazari. Kuna nini?

Kuhusu hayo mengine, naona umenichukulia kama mtu anayetaka sifa. Si hivyo. Mimi siwezi kuzima viwanda. Siwezi kumwamuru mtu yeyote. Kitu pekee nilicho na mamlaka nacho ni miguu yangu, sahani yangu na tiketi yangu. Nikianza kusema "mara hii tu", basi mara hii tu zitakuwa hamsini. Wewe unajua, ukimkopesha mteja mmoja mkate, kesho foleni nzima ina shida.

Ngoja nikupe kisa kilichonipata, uone ninavyoishi. Wiki iliyopita zilikuja taarifa kwamba lifti imekwama katika jengo upande wa pili wa mji, mzee mmoja yuko ndani, kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Gari la kampuni lilikuwepo. Mimi nikachukua mfuko wa spana nikaenda kwa miguu, nikijua njia ya mkato. Njia ya mkato ilikuwa imefungwa, wanachimba mitaro. Nilifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Mzee nilimkuta amekaa sakafuni, kofia mapajani. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kijana, kulikuwa na foleni?" Nikamwambia, "Nilikuja kwa miguu." Akaniangalia, akasema, "Hukuwa na namna nyingine?"

Msimamizi amenipa barua ya onyo. Anasema nikitaka kuiponya dunia niiponye baada ya saa za kazi. Nimeona ni uonevu, maana lifti niliitengeneza vizuri kuliko ilivyokuwa.

Nimekuchorea mlango wa tanuri kwenye karatasi ya pili. Mabati mawili, katikati udongo uliochanganywa na majivu. Usipoutaka, uwashie moto.

Nijibu kuhusu Mama.

Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda,

Nimechelewa, usinung'unike. Bomba la moshi lilipasuka tukapoteza siku tatu za kazi, na shemeji yako aliumwa mgongo.

Umeuliza kuhusu Mama. Mama hajambo. Macho tu, na macho ya mtu wa umri wake yakisumbua si habari ya kuandikia barua. Ana matone anayoweka asubuhi na jioni. Lenzi imepotea, ndiyo maana ninamsomea. Ukweli ni kwamba anapenda kusomewa, anasema sauti yangu inafanana na ya marehemu baba nikikasirika, na barua zako hunikasirisha vya kutosha.

Habari ya yule mzee nimemsomea pia. Nilidhani atacheka. Aliuliza, "Alikaa gizani, au ndani mle mna taa?" Nikamwambia sijui, hukuandika. Akasema nikuulize. Basi nakuuliza.

Mimi neno langu ni moja. Ukipata likizo, usiisubiri mwaka kesho. Njoo mapema uwezavyo, na njia iliyo fupi. Mwenye macho haambiwi

Hilo nimelikata, lisome kana kwamba halipo.

Mchoro umefika. Sijauwashia moto.

Dada yako


Tarehe 1 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na leo nina furaha. Usidhani ni utani wa sikukuu ya wajinga, nimepata likizo ya siku thelathini. Nilikuwa na siku za miaka miwili sijazitumia, na nadhani msimamizi amefurahi kupumzika nisipokuwepo. Naanza tarehe 20 mwezi huu.

Njia nimeipanga kwenye ramani kubwa iliyoko ukutani. Treni mbili, basi, kivuko, kisha mabasi mengine matatu. Siku kumi na tatu nikiwa sijakwama popote. Nitafika tarehe tatu Mei. Ndiyo, nitakaa kwenu siku chache, maana kurudi nako kuna siku zake. Lakini nitakuwa nimekuja, na sitakuwa nimevunja ahadi yangu mwenyewe. Uliandika "njia iliyo fupi". Nimekuelewa ulichotaka. Haraka haraka haina baraka, dada.

Mwambie Mama ndani ya lifti mlikuwa na taa. Ndogo, lakini ilikuwepo.

Mwambie pia nitakuja na zana zangu, nitautengeneza mlango wa tanuri kwa mikono hii.

Nashukuru kusikia macho ni ya umri tu. Nilikuwa nimeanza kuwaza mabaya.

Kitinda


Tarehe 16 Aprili
KWA HARAKA

Kitinda,

Sina salamu leo. Barua yako nimeipata juzi na tangu hapo sijakaa nikatulia. Mhudumu wa posta ameniapia kwamba hii itafika siku nne. Jana nilipiga simu kazini kwako pia, aliyepokea akaniambia uko kwenye jengo fulani, akaandika ujumbe kwamba upige simu nyumbani. Kama umeupata na hujapiga, piga.

Nilikudanganya. Lenzi haikupotea. Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika tangu mwaka jana, hakumwambia mtu, mimi niligundua alipokuwa akimwaga chai kando ya kikombe. La kushoto linajifunga polepole, anasema anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa macho amesema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki ni cha wiki, si cha miezi. Matone yanachelewesha tu.

Mama alinikataza kukwambia. Aliniapisha. Alisema, "Mtoto asije kwa kuvutwa na huruma. Aje akitaka." Nikamtii, kwa sababu ni Mama, na kwa sababu nyingine ambayo siitaji hapa.

Kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi. Anakaa mlangoni penye mwanga, anajizoeza kutazama nyuso za wateja, anasema anataka jicho lisisahau kazi. Nimekuvunjia kiapo cha mzazi, ni juu yangu.

Panda ndege. Nakuomba, si kama dada anayegomba. Panda ndege.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili
Kivukoni

Dada yangu,

Shikamoo kutoka kwenye benchi la mbao. Nakuandikia ingawa labda nitafika kabla ya barua.

Nimeona mambo ambayo ukiwa angani huyaoni. Treni ya kwanza ilipita katikati ya mashamba siku nzima, mama mmoja mshona viatu akanipa nusu ya chakula chake na kunieleza maisha yake yote hadi ndoa ya tatu. Treni ya pili iliharibika kichwa, tukalala humo humo. Basi halikuwa na kioo kimoja, nimekula vumbi kama kuku. Lakini roho yangu ni nyeupe. Kwa mara ya kwanza naona umbali ulivyo mrefu kweli.

Habari mbaya ni kwamba kivuko hakiondoki. Mashine yake imefunguliwa, iko chini kwenye turubai vipande vipande, nami nikaangalia nikaona hawa jamaa hawatamaliza leo wala kesho. Wanasema siku nne. Nimewasaidia kusafisha baadhi ya vyuma ili nisikae bure.

Mwambie Mama asihesabu tarehe tatu. Ahesabu saba.

Kitinda


Tarehe 24 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Chumba nimekikuta na vumbi, na chini ya mlango nimeikuta barua yako ya tarehe 16 Aprili. Muhuri wa posta ya huku unasema 21. Niliondoka tarehe 20 asubuhi. Nimeisoma nikiwa bado na begi mgongoni.

Kwa siku zote kumi na moja nilizokaa kwenu hatukuongea ila kuhusu udongo na mabati, na ile mara moja pale mbele ya tanuri. Ulisema, "Nilikuambia njoo mapema." Nikasema, "Hukuniambia kwa nini." Ukasema, "Mtu wa kuambiwa kwa nini ndipo aje kwa mama yake?" Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira nawe, na niliondoka nayo. Nilidhani mwenye kosa ni wewe uliyeficha.

Sasa nikwambie nilichoficha mimi. Ule ujumbe wa simu niliupata. Ulikuwa umebandikwa kwenye ubao wa kazi siku nne kabla sijaondoka: "Piga nyumbani." Niliusoma. Nikaukunja, nikautia mfukoni. Nilijua ukiongea nami utaniambia nipande ndege, na nilijua nikisikia sauti yako nitakubali. Sikutaka kukubali. Nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu kazini, nimeshachora njia ukutani kwa kalamu nyekundu, kuna waliokuwa wakinicheka na kuna wawili walioanza kuniiga. Nikajiambia nitapiga nikiwa njiani. Kivukoni kulikuwa na simu, dada, dirisha la tiketi lilikuwa nayo. Siku nne nilikuwa nikipita mbele yake. Badala yake nikakuandikia barua, nikijua itafika baada yangu.

Hukuwepo nilipoingia, ulikuwa kwa mwuza kuni, kwa hiyo hili hulijui. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anakunja mifuko. Aliinua uso kabla sijasema kitu. Akatazama kidogo kando yangu, kama mtu anayesalimia kivuli. Nikasema, "Mama." Akasema, "Sogea kwenye mwanga." Nikasogea. Jua lilikuwa usoni mwangu kabisa. Akasema, "Bado." Nikasogea tena mpaka magoti yangu yakagusa yake. Hapo akaweka mikono usoni kwangu, akaanza na masikio. "Umefuga ndevu," akasema. "Na umekonda. Nyama huli kweli." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu Alhamisi iliyopita." Siku saba, dada. Siku hiyo nilikuwa nasugua vyuma vya kivuko.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Aliniuliza kama nimechoka.

Siku hiyo hiyo niliyofika ndiyo siku niliyopaswa kugeuza, kama ningetaka kurudi kwa nchi kavu. Nilikuwa nimeitembeza likizo yangu barabarani. Uliponiona natoka na kurudi jioni ile, nilikuwa nimekwenda kukata tiketi ya ndege. Nilimwambia Mama peke yake, wewe sikukuambia kwa sababu nilijua utanyamaza kwa namna yako ile. Nilirudi kwa ndege, hivyo ndivyo nilivyopata siku zile kumi na moja.

Sasa usinielewe vibaya. Sijaacha ninayoyaamini. Bado naenda kazini kwa miguu, bado nyama sili, na kesho nitapanda ngazi kama kawaida. Ila lifti ikikwama na mtu yuko ndani, nachukua gari. Nimemwambia msimamizi hivyo leo. Na yule mzee nilimpitia jana nyumbani kwake, ghorofa ya tisa, kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia taa ya mle ndani ilizimika baada ya nusu saa. Hakutaka kuniambia siku ile. Mwambie Mama nilimpa jibu lisilo sahihi.

Kwenye karatasi ya pili nimemwandikia yeye. Aliniomba wakati naaga kwamba nitakaporudi nimweleze huko juu kukoje. Msomee polepole.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Kitinda,

Marahaba. Sisi ni wazima. Pacha wa jirani wameota meno. Shemeji yako mgongo umetulia, isipokuwa akiambiwa abebe unga.

Nimeisoma barua yako peke yangu kwanza. Hiyo karatasi ya ujumbe uliyoikunja imenichoma, sitakuficha. Kuna siku nzima nilikasirika mpaka nikaunguza mikate, trei mbili. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilipokaa kuandika nikakumbuka ile sababu niliyosema siitaji.

Ni hii. Mama alinikataza, ndiyo, lakini viapo vya Mama nimevunja vingi tangu utotoni, ningevunja na hicho Januari. Sikukivunja kwa sababu nilikuwa nakujaribu. Ulipoandika kwamba hutapanda ndege, nikasema moyoni, ngoja nione kama atakuja bila kuambiwa. Nilitaka uje mwenyewe ili nijue kwamba sisi ni wazito kuliko huo moshi wako. Wiki zikawa zinapita, jicho la Mama linajifunga, nami nimekaa na mizani yangu ya kukupima. Wewe ulinyamaza siku nne za kivuko. Mimi nilinyamaza miezi mitatu. Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa limeumia la mtu mwingine.

Sijui tunasameheanaje kwa hili. Nimejaribu kuandika sentensi ya namna hiyo nikaona inakuja kama ya kwenye kadi. Tuiache. Nadhani tutaendelea tu kuandikiana.

Mlango unafanya kazi. Nilitaka kuto­kukwambia, lakini shemeji yako kasema ni uchoyo. Mizigo mitano imekuwa mitatu, siku nyingine miwili na nusu. Mwuza kuni amekuja kuuliza kama tumepata mwingine. Mwokaji wa mtaa wa nyuma alikuja kuupima kwa kamba, nikamwonyesha mchoro wako, naye anatengeneza wa kwake. Siku zile ulipokuwa unakanda udongo na majivu, Mama kando yako anakupitishia maji, sikusema kitu kwa sababu ya hasira, lakini niliona. Ungeandika barua hamsini kuhusu tanuri lile, lingebaki vile vile. Ulikaa siku kumi na moja likabadilika. Kama unaweka hesabu zako, hilo nalo liandike, uone liko upande gani.

Karatasi ya pili nimemsomea Mama Jumapili, yeye kwenye kigoda, mimi chini kwenye jamvi. Nilisoma polepole kama ulivyoniagiza. Pale pa mawingu yaliyolala kama unga uliomwagika mezani, aliniomba nirudie. Pale uliposema mito inaonekana kama mishipa ya mkono wa mtu mzima, alijishika mkono wake akaupapasa. Alikuwa anatabasamu. Nikadhani nimemaliza vizuri.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho, ulipoandika kwamba ulipanda saa moja asubuhi, na saa kumi jioni ulikuwa umeshafungua mlango wa chumba chako.

Akaacha kukunja. Akaniuliza, "Siku ile ile?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Siku ile ile."

Unajua ulipoondoka mara ya kwanza, miaka sita iliyopita, ulipiga simu baada ya siku tatu. Kumbe ulichelewa tu kupata laini. Lakini yeye alishika zile siku tatu, akaziweka kichwani kama urefu wa njia. Miaka yote hii, wateja wakimuuliza kwa nini mwanao haji, alikuwa akiwajibu kwa kukutetea: ni mbali mno kule, si pa kwenda na kurudi.

Alihesabu kwa vidole, saa moja mpaka saa kumi. Alipofika kidole cha tisa akakishika hapo, hakukiachia.

"Kumbe si mbali," akasema.

Dada yako